Karanga za Nauli ya Letisia

Mwanangu Letisia aliponiambia anataka kwenda Nyasa kuuguza wakoma mwaka mzima, bila mshahara, tena nauli ajilipie, nilimshika paji la uso nione kama ana homa.

"Wewe mtoto, una akili timamu kweli? Watu wanalipwa ndiyo watumwe, wewe ulipe ili utumikishwe?"

"Chakula na malazi watanipa, mama. Nauli tu ndiyo yetu."

"Na ukoma watakupa pia?"

Akacheka. Alikuwa mwaka wa mwisho wa uuguzi kwenye hospitali ya misheni, na masista walikuwa wamemchagua yeye na mwenzake mmoja. Mwezi wa nane gari lingewachukua Nachingwea hadi Songea, kisha washuke ziwani kupanda meli. Asiye na nauli angebaki.

Mimi ningemkatalia, sitaki kudanganya. Lakini kwetu Wamwera mtoto si wa mama peke yake, sembuse baba. Mtoto ni wa mjomba. Nikampeleka Nambilanje kwa kaka yangu Kaimu nikijua atamtia adabu. Kaimu alikuwa Mwislamu, mtu wa swala tano. Mimi ndiye niliyebatizwa nilipoolewa na Andrea. Nikajisemea, huyu hawezi kukubali mambo ya masista. Ebo! Mtu akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Hao wagonjwa hawana ndugu?"

"Wanao, mjomba. Ila wamewakimbia."

"Basi tutalima karanga," Kaimu akasema, na mimi nikabaki mdomo wazi.

Akaalika watu. Alichinja mbuzi, akakoroga togwa, na watu wa vijiji jirani wakaja na majembe yao. Kaimu aliwahi kung'oa visiki kwa Wazungu wa karanga kule Nachingwea, kabla mradi wao haujafa, kwa hiyo kila siku ya kulima alikuwa na utani wake: "Wale walikuja na matrekta wakashindwa. Sisi tuna Mwanne!" Mwanne alikuwa jirani yake, mwanamke mwembamba, akilima na mtoto mgongoni huku akiwazomea wanaume walioachwa nyuma. Wote walijua wanalima nini. "Tunalima meli ya Letisia," walisema, wakacheka. Na mimi, niliyekuwa nimenuna, nikajikuta napalilia hadi mikono inachubuka. Nilianza kuitaka ile safari kuliko mwenyewe.

Karanga zikakubali. Tulipozing'oa, Andrea mume wangu alitaka zikae nyumbani kwetu. Tulimkatalia sote. Kwetu mwanamume akifa, wanaomrithi ni wapwa zake, si watoto wake. Andrea angepatwa na lolote, watoto wa dada zake wangekuja kukomba hadi chungu. Kwa mjomba ndiko salama. Letisia ni mpwa wa Kaimu, damu ya nyumba ile, nani atamgusa? Zikaingia ghalani kwa Kaimu, gunia juu ya gunia, tukangoja soko la Ruangwa lifunguliwe. Andrea mwenyewe alisema, "Hapo umesema kweli, mke wangu."

Soko halijafunguliwa, tumbo likamkaza kaka yangu. Letisia alikuja mbio kutoka hospitali na dawa, akakuta tumeshamfunika shuka.

Jamani, Kaimu wangu. Nilimlilia hadi sauti ikakauka. Katika kilio kile chote sikuikumbuka karanga hata moja, Mungu ni shahidi.

Aliyeikumbuka ni Amri. Amri ni binamu yetu wa Chinongwe, mkubwa wa ukoo, na nisimsingizie, si mtu mbaya. Matanga yalipomalizika alitukalisha uani kupanga arobaini. Akauliza marehemu ameacha nini. Wakafungua ghala, wakaona. Uso wake ukanawiri kwa fahari.

"Kaimu hakutuaibisha," akasema. "Kajiwekea mwenyewe. Sehemu tutauza tununue mchele na mbuzi, zilizobaki tutaungia mboga. Watu watakula washibe, wamwombee."

Nikasimama. "Amri, hizo ni nauli ya Letisia. Nambilanje nzima inajua."

"Shamba la nani?"

"La Kaimu."

"Mbegu za nani? Ghala la nani?"

"La Kaimu, lakini..."

"Dada Albina," akasema, tena kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma. "Kilichomo ndani ya nyumba ya marehemu kwanza kinamsitiri marehemu. Hiyo sikuianzisha mimi. Lakini sitaki lawama. Tumuulize mtoto mwenyewe. Letisia, karanga hizi ni zako au za mjomba wako?"

Watu wote wakamgeukia. Nilimkazia macho, nikimwomba kwa roho yangu yote: sema, mwanangu. Sema ni zangu. Nani angemlaumu? Mwanne alikuwa palepale, angeshuhudia.

Letisia alitazama mlango wa ghala muda mrefu.

"Ni za mjomba," akasema.

Nilimfuata nyuma ya nyumba nikamshika bega nikamtikisa. Nilimwita mpumbavu. Nilimwambia amenivunja mgongo, amewavunja na wote walioinama juani kwa ajili yake.

"Mama, ningesema zangu, watu kwenye arobaini ya mjomba wangelishwa nini? Maji?"

"Tungekopa!"

"Kwa nani?"

Aliweka kichwa kifuani kwangu, jitu zima, akalia kama alivyolia siku nilipomwachisha ziwa. Nami nikalia naye, na sijui hadi leo kama nilikuwa namlilia kaka yangu au namlilia yeye.

Gari la misheni likaondoka na mwenzake. Nafasi ya Letisia akapewa msichana mwingine, na mwaka uliofuata masista hawakupeleka mtu.

Siku ya arobaini watu walikuja kutoka Chunyu, kutoka Ruangwa, hata wasiomjua Kaimu. Hitima ikasomwa. Letisia alitwanga karanga tangu alfajiri, hakukubali kupokewa mchi. Akapika kisamvu, akakiunga, akapakua, akazunguka na bakuli mkeka kwa mkeka. Watu walisifu wakajilamba vidole. Amri alizunguka akiuliza kila mtu kama ameshiba.

Letisia akafika kwa Mwanne. Mwanne alikuwa na sahani mapajani, hajaitia mkono. Wenzake wote walikuwa wameshakula nusu.

"Kula, mama Mwanne," Letisia akamwambia.

Mwanne akatikisa kichwa, machozi yakamdondoka. "Mwanangu, hii nitaimezaje? Meli yako hii."

Letisia akapiga magoti mbele yake, akamega tonge, akalichovya kwenye kisamvu, akamlisha kwa mkono wake kama mgonjwa. Mwanne akafumba macho akatafuna. Letisia akamega jingine, akangoja ameze, akamlisha tena, hadi sahani ikaisha.