Maji ya Kuoshea Changu

Mpaka anavuka miaka hamsini, Bi Batuli wa Kilwa Kivinje hakuwahi kupanda hata mchicha. Mboga kwake ilikuwa kitu cha kununua sokoni, fungu kwa fungu, na wanaolima aliwaita watu wa huko juu, kwa sauti isiyo na matusi ila isiyo na heshima pia. Kazi yake yeye ilikuwa samaki. Alikaanga changu barazani kwake, na aliyemwonja mara moja hakwenda kwa mwingine.

Kilichomshikisha jembe ni mimba ya bintiye. Warda aliolewa Njinjo, huko bara, na kwa uzazi wa kwanza alirudi kwao ajifungulie mikononi mwa mama yake, kama desturi inavyotaka. Kliniki wakampima, wakasema damu iko chini. Pamoja na vidonge, ale mboga za majani kila siku. Mboga nyingi za Kivinje hutoka bara na hufika zimenyauka, na mvua ikikata barabara hazifiki kabisa. Hapo mama mkwe wa Warda, Bi Salima, akapiga simu kutoka Njinjo. Alisema kwa upole kwamba kwao mboga zinaota mpaka mlangoni, na mkwe mwenzake akiona vyema, Warda arudi akajifungulie huko.

Bi Batuli alijibu kwamba atatazama. Mume alishamzika, mtoto mwingine hakujaliwa. Kama Warda angeondoka na mimba ile, nyumba ingebaki na yeye na karai lake la mafuta. Hilo hakumwambia mtu. Alichofanya ni kumeza kiburi chake chote, kisha akampigia Bi Salima kumwomba aje amfundishe kulima uani.

Bi Salima akaja na gari la Njinjo, na mfuko wa mbegu na kitita cha marando ya matembele ya kupandia. Ikumbukwe kwamba wakwe wa kule hawakosoani. Mtu akikosea mbele ya mkwe wake, mkwe hutazama pembeni. Bi Batuli alitaka bustani iwe upande wa barabara, wapita njia waione. Bi Salima hakukataa, ila alijiuliza kwa sauti kama jua la alasiri halitakuwa kali pale, na akayasifu sana maji yanayotoka bafuni yakipotea bure nyuma ya nyumba. Kwa hiyo bustani ikawa nyuma ya nyumba. Matembele waliyafuatisha karo la maji ya bafuni, mchicha ukakaa katikati, maboga wakayaweka kando ya ua ili yapate pa kutambaa. Wakafanya kazi hadi adhuhuri, na Warda kwenye mkeka akiwacheka jinsi walivyokuwa wakinyenyekeana.

Wakati wa kuagana Bi Salima akakumbuka jambo moja.

“Maji ya kuoshea samaki usiyamwage ovyo, mkwe. Mwagia maboga. Sisi ndivyo tunavyofanya, yanastawi mno.”

Bi Batuli akatii, tena kwa bidii ya mtu mwenye hofu. Maji ya samaki kwake hayakuwa haba, kwa hiyo yakamwagiwa maboga, na yaliyosalia akaupa mchicha, na matembele nayo yasionewe. Shida ni kwamba tangu utotoni Bi Batuli huosha samaki kwa maji ya bahari. Marehemu mama yake alimfundisha kwamba changu akioshwa kwa maji ya kisima hupooza, hana ladha, na wateja waliosifu mkono wake walikuwa wanayasifu maji hayo bila kujua. Njinjo samaki ni wa mtoni, na maji ya kumwoshea ni ya mtoni vilevile. Mmoja hakuuliza, mwingine hakuona la kueleza.

Si kwamba chumvi haikumpitia akilini. Ilimpitia, na ikamfurahisha. Baba yake kila alipopanda mnazi alitia konzi ya chumvi shimoni, na minazi hiyo inazaa mpaka leo.

Mchicha ulichomoza, ukasimama kidogo, kisha ukaanza kuungua ncha. Majani ya maboga yakakauka pembeni kama karatasi. Bi Batuli akadhani ni wadudu, akanyunyiza majivu. Akadhani ni kijicho cha jirani, akasoma dua. Mwisho akadhani ni kiu, akaongeza maji ya samaki asubuhi na jioni. Udongo ukafanya ukoko mweupe. Warda akaendelea kula mboga za sokoni zikipatikana, na kila akisimama haraka hushika ukuta kwa kizunguzungu.

Bi Salima aliporudi kumjulia hali Warda, alipelekwa nyuma ya nyumba. Alitazama ule ukoko. Akauchukua kwa kidole, akaupeleka ulimini, kisha akageuka akatazama ukuta wa bafu, muda mrefu. Bi Batuli alijua maana ya kutazama pembeni. Akaitazama ndoo yake ya maji ya bahari pale mlangoni, na ndipo mambo yote yakamjia pamoja, akaona aibu mpaka masikio yakawaka.

“Kosa ni langu, mkwe,” Bi Salima akasema, bado akiutazama ukuta. “Sikuuliza mnaosha kwa maji gani.”

Kisha, kwa haraka ya mtu anayefunika jambo, akasema udongo ule hautafaa mpaka masika yausafishe, lakini dawa ipo. Atajaza udongo wa Njinjo kwenye viroba, aupakie kwenye gari, na mchicha wa kwenye viroba hauchelewi. Warda atabaki hapahapa kwa mama yake. Alikuwa anampa ushindi mkononi, na wote wawili walijua.

Warda alikuwa amekuja mpaka mlangoni, mkono mmoja ukutani. Bi Batuli akamtazama ule mkono.

“Usipakie udongo,” akasema. “Mpakie Warda.”

Hakulia mbele yao. Alifunga nguo za mtoto alizokuwa ameshaziandaa, kanga za uzazi na mafuta ya nazi, akawasindikiza mpaka kituoni, akamshukuru mkwe wake kwa maneno marefu yanayostahili.

Jioni akatoa changu mmoja, akamparua magamba. Ndoo ya bahari ilikuwa palepale imejaa. Akaiacha, akachota maji ya kisima, akamwosha nayo, na yale maji akaenda kumwagia shina moja la boga kwenye kona ya ua, ambalo lilikuwa bado na jani bichi. Kisha akamkaanga changu wake. Alikuwa amepooza kweli, kama mama yake alivyosema. Bi Batuli akamla akammaliza, peke yake.