Maelezo ya Ndani

Mimi sikumtukana mtu. Niliandika ukweli, tena mahali pa siri.

Kazi yangu ni kuorodhesha vitabu vya maktaba. Mwaka wa ishirini na tisa huu, imebaki miwili nistaafu. Zamani kwenye kadi, siku hizi kwenye kompyuta, kila kitabu kina nafasi ya maelezo ya ndani, yasomwe na wafanyakazi tu. Basi nikaijaza. Kitabu cha mapishi: “Kiko kwa wifi yangu. Anasema kimepotea. Mwongo.” Cha sheria: “Wakili wa ghorofa ya pili kachana kurasa tatu.” Cha ndoa: “Mkurugenzi kaazima mara nne. Hakijamsaidia.”

Juzi tukahamia programu huria, ile ya bure ambayo maktaba yoyote inaweza kuitumia na kuirekebisha. Fundi wetu, kwa kupenda uwazi, akafungulia umma orodha nzima, mtu asome hata kwa simu akiwa kitandani. Nzima! Na maelezo yangu ndani yake!

Jumatatu nakuta foleni mlangoni, watu wanacheka, wanaonyeshana simu. Wifi yuko mbele kabisa, kakumbatia kitabu cha mapishi, hanitazami usoni. Makubwa!

Mkurugenzi akaniita, akafunga mlango.

“Mama Orodha, mke wangu amesoma. Mama mkwe amesoma. Leo ndiyo mwisho wako hapa.”

Miaka miwili tu, jamani! Lakini mdomo wangu haujawahi kujua woga. “Bosi, niambie, lipi la uongo?”

“Nitayafuta yote mwenyewe!” akafoka. Akakaa kwenye kompyuta, akaanza. Futa. Futa. Mimi nimesimama pembeni. Mara kidole chake kikasita.

Kilikuwa kitabu cha watoto, hadithi za sungura. Maelezo yake niliyanakili kutoka kadi ya mwaka wangu wa kwanza kazini: “Kisitupwe. Dereva wa lori humsomea mwanawe hiki hapa maktabani kila Jumamosi. Kusoma hajui, anabuni tu. Mtoto anajua, ila ananyamaza.”

Mkurugenzi akavua miwani, akajifuta macho.

“Ulijuaje kwamba nilikuwa najua?”

“Baba yako alipokwama, ulikuwa unamfungulia ukurasa mwingine.”

Akavaa tena miwani. Hakufuta.

“Rudi mezani kwako, mama,” akasema. “Watu wanasubiri.”