Maganda Yaliyooshwa kwa Ndimu

Daktari aliponiambia kwamba sumu ya risasi katika damu ya mwanangu imepanda badala ya kushuka, nusura nimrukie. Maskini daktari wa watu, hana kosa. Wanasema hasira hasara. Hasara ninayo tayari, sasa nikose na hasira?

Risasi hiyo inatoka kwenye betri kuukuu zinazoyeyushwa kiwandani, nyuma ya ukuta wetu. Inashuka ardhini, inaingia kisimani, na wenye kiwanda wanakana mchana kweupe. Nikajifunza kujitetea. Maganda ya machungwa ukiyaloweka kwenye maji ya chokaa, ukayakausha na kuyaponda, hunasa risasi maji yakipita. Niliyajaza kwenye ndoo iliyotobolewa chini, nikakinga mtungi. Mtoto akapata nafuu, akarudi kucheza. Sasa imepandaje tena?

Nilipofika nyumbani nikafunua ndoo. Harufu ya ndimu ikanipiga puani.

"Mama, nani kagusa chujio?"

"Mimi," akajibu mama mkwe, kifua mbele. "Maganda yakianza kunuka huwa nayamiminia ndimu. Na yale maji yanayoshuka mtungini, mjukuu wangu anayapenda hayo!"

Nilipiga ukelele kuku wakatawanyika. Ndimu huing'oa risasi yote iliyonaswa! Sumu niliyoizuia siku zote hizo ilimwagika mtungini kwa mkupuo kila alipoyaosha, na mtoto akainywa.

"Usafi wako utaniulia mwanangu!" nilimwambia, na mengine ambayo mkwe hamwambii mkwe.

Mama mkwe akakaa chini taratibu, akainusa mikono yake.

"Nifokee, mwanangu, nimestahili. Lakini walioitia hiyo risasi, umewafokea lini?"

Kwenye lango la kiwanda nilikwenda mara nyingi, na kila mara ilikuwa samahani bosi, tafadhali bosi. Sauti yote nilimwekea bibi kizee. Niliona haya, na haya ikanizidishia ghadhabu.

Mama mkwe alikuwa ameshasokota kata. Akajitwika mtungi na maji yake, akatangulia mbele.

"Mmeleta nini?" bawabu wa kiwanda akauliza.

"Mali yenu," mama mkwe akasema, akautua mtungi katikati ya lango. "Tumeiokota kisimani kwetu. Mwite bosi wako aje aipokee."

Bawabu akacheka. Hapo ndipo nilipoanza kufoka.