Kijiti cha Mpera

Zefania, fundi chuma wa Mwandiga, alikuwa na wivu. Si ule wivu wa kununa siku mbili ukapita. Wake ulikaa naye mezani akila, na asubuhi ulimtangulia kufika karakana.

Chanzo chake kilikuwa Heritier, mkimbizi aliyevuka ziwa kutoka Uvira mwaka ule vita vilipowaka ng'ambo, akapokewa na shangazi yake hapo hapo Mwandiga. Alifika na nguo alizovaa. Kabla mvua hazijaanza alikuwa ameunda mashine ya kukamulia mawese kwa mbao za mtumbwi uliokufa na skrubu ya jeki la lori bovu. Ilikuwa ndogo na nyepesi, mtu mmoja aliiweza. Tena alikuwa amejifunza kuamkia kwa Kiha, mwakeye huku, mwakeye kule, wanawake wakazidi kumpenda.

Sasa, Zefania naye alikuwa na mashine yake. Aliitengeneza mwaka aliomwoa Marsiana, chuma kitupu toka juu hadi chini, akamkabidhi bibi harusi mbele ya wakwe zake. Tangu siku hiyo haikuwahi kuvunjika, na kwa sababu hiyo Zefania alitembea kifua mbele barabara nzima mpaka Kidahwe. Halafu jioni moja Marsiana akamwambia, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, kwamba amemwagiza Heritier amtengenezee moja na yeye.

Mke wa fundi kapeleka kazi kwa fundi mwingine! Zefania alimaliza ugali wake, lakini hakujua alikula na mboga gani.

Kilichomchoma zaidi ni kijiti. Mpini wa ile mashine ya Heritier ulishikana na skrubu kwa kijiti cha mpera, unene wa kidole gumba, basi. Kila baada ya siku chache kijiti kilikatika. Mpini ukazunguka bure, Marsiana akacheka, akachonga kingine kwa kisu cha jikoni, kazi ikaendelea. Hebu fikiria uchungu wa mwanamume huyu. Mashine yake haikuvunjika maisha yake yote na hakuna aliyeisifu tena. Ya mkimbizi ilikatika kila wiki, na ikikatika watu wanafurahi. Kicheko kile hasa ndicho alichokionea wivu. Marsiana hakuwahi kucheka hivyo mbele ya mashine ya chuma.

Alijaribu kuiponda kwa maneno ile mashine ya Heritier. Alimwambia jirani yao Honorata, ambaye naye alikuwa nayo, kwamba fundi anayefunga chuma kwa mti anatengeneza vitu vya kuchezea watoto. Honorata akajibu kuwa yeye mafuta anayapata, akaendelea kumenya mihogo.

Basi alasiri moja, Marsiana akiwa sokoni, Zefania alifua pini ya chuma. Aliipiga tupa, akailaza ncha zote mbili kwa mviringo kama ilivyokuwa desturi yake, akaipaka masizi na mawese mpaka ikafanana na mti. Akatoa kijiti, akaipachika. Hesabu yake ilikuwa hivi: wiki zipite bila kitu kukatika, halafu siku moja, mbele ya Honorata na wenzake, aichomoe na kuwauliza hii ni kazi ya nani. Alikwisha kuanza kukisikia kicheko, safari hii kikiwa chake.

Kesho yake Marsiana alikuwa anakamua peke yake. Chikichi zilikuwa zimepoa, mpini ukawa mzito. Hapo siku zote kijiti hukatika, naye hujua kwamba inabidi azirudishe motoni. Hakikukatika. Akadhani bado zinakamulika, akaulalia mpini kwa uzito wake wote. Ubao wa juu ukapasuka, mpini ukarudi kwa nguvu na kumpiga mkono wa kulia, juu kidogo ya kiwiko.

Zefania alisikia ukelele akafika wa kwanza. Na tusimfichie: jicho lake lilianza kuitazama pini, ndipo likaenda kwa mkewe. Aibu hiyo hakuna aliyemwona nayo, ila yeye mwenyewe hakuisahau.

Zahanati wakasema mfupa ni mzima, wakamfunga mkono na kuuning'iniza shingoni. Waliporudi nyumbani walimkuta Heritier ameshaitwa na Honorata, amechuchumaa mbele ya mashine. Aliigonga pini ikatoka, akaifuta kwa kidole, akaziona zile ncha za mviringo. Mwandiga nzima hapakuwa na bawaba wala jembe lisilo na ncha za namna ile. Zefania akasimama kungoja asemwe.

"Kosa ni yangu, papa," Heritier akasema. "Ningekuja mimi mwenyewe kukuelezea kile kijiti ni cha nini. Nilikuogopa."

Akaiweka pini chini, akaenda kutafuta ubao mwingine. Zefania angeona afadhali kama angepigwa. Kuhurumiwa na mtu unayemwonea wivu ni kitu kigumu sana kumeza.

"Wanawake wote alitueleza," Marsiana akasema. "Kinakatika ili mashine isivunjike na mtu asiumie. Leo nilikuwa nangoja kiniambie."

Zefania akauliza, kwa sauti ndogo kuliko alivyokusudia, mashine yake yeye ilikosa nini. Akakumbusha kwamba haikuvunjika hata siku moja.

"Haikuvunjika, Baba Pastory. Bega langu ndilo lililokuwa linavunjika."

Hakusema kwa hasira. Akaongeza kwamba hakutaka kumwambia, maana alikuwa anaisifia kwa furaha mno.

Kabla Heritier hajamaliza kupachika ubao, Zefania alikuwa chini ya mpera na panga. Akaketi kuchonga. Marsiana akakipapasa kijiti kwa mkono wake mzima.

"Kinene. Punguza."

Akapunguza.

"Punguza tena."

Mtu ambaye tangu ujana wake alitengeneza vitu visivunjike, akakaa pale anapunguza. Wivu ulikuwepo bado. Alipomtazama Heritier akiukaza ule ubao, akaona ulivyokaa sawasawa, kifua kilimuuma vilevile.

Mkono wa Marsiana ulipopona akarudi kukamua. Siku ya tatu Zefania, akiwa karakana, alisikia ta! Kisha kile kicheko. Nyundo ikasimama hewani. Kisu cha jikoni kilikuwa karibu na mkewe, na Heritier alikuwa ng'ambo ya barabara tu.

"Baba Pastory," Marsiana akaita. "Kimekatika. Niletee kingine."

Alikuwa na vitatu mfukoni tangu asubuhi.