Siku Gathogo Alipoapa Kutokula

Dada yangu Chepkemei alimpiga Gathogo kichwani kwa sufuria ya chai, na hakuna mtu hapa Kiamunyi aliyesema hakumpiga. Gathogo alikuwa amewaambia wateja kwamba mandazi ya dada yanakaangwa kwa mafuta ya pikipiki. Wote wawili wanauza kando ya barabara moja, yeye mutura ya kuchoma, dada mandazi.

Gathogo alishonwa, kisha akaenda polisi. Kesi ilipofika kortini, hakimu aliona kidonda kimepona, akawaambia waende wapatanishwe nyumbani na wazee. Wakipatana, kesi itaondolewa. Wakishindwa, dada arudi kujibu, na huenda akafungwa. Mtoto wake bado ananyonya.

Kwetu mapatano hayaishii kwa maneno. Aliyekosa huleta mbuzi, na aliyekosewa akimla, hata kipande kimoja, amesamehe. Hawezi kurudi kortini tena.

Gathogo aliijua desturi hiyo. Siku ya mapatano alifika kwa Mama Nekoye, mwenyekiti wa wazee, akiwa ameshiba githeri, kijiti cha meno mdomoni. Akasema amekuja kwa heshima ya hakimu tu, na hata maji hatakunywa. Chepkemei alipiga magoti, mtoto mgongoni, akaomba msamaha. Gathogo akaangalia mabati.

Mama Nekoye hakumbembeleza. Mbuzi alipochinjwa, aliuliza nani atachoma mutura ya utumbo wake, na kabla mtu hajajibu akamtaja Kipkemoi. Huyu ni mmoja wa wazee, mtu wa ng'ombe na maziwa. Utumbo uliojazwa nyama na damu hajawahi kuushika. Alitaka kusema hivyo, Mama Nekoye akamkanyaga mguu.

Kipkemoi aliitupa mutura juu ya moto bila kuichemsha. Ikaanza kufura upande mmoja. Gathogo akasogeza kiti. Akamwambia mzee apunguze moto, lakini mzee, kwa kuchanganyikiwa, akaongeza kuni. Mutura ikaanza kupasuka na mafuta yakalia kwenye makaa. Gathogo akatoa kijiti mdomoni.

"Toka hapo, mzee. Unaharibu kitu ya watu."

Alivua koti. Alitawanya makaa, akaitumbukiza mutura kwenye maji ya moto, akaitoboa kwa mwiba ili hewa itoke, kisha akairudisha juu ya makaa na kuigeuza polepole kama mtu anayelaza mtoto. Wakati huo wote alikuwa akimkaripia Kipkemoi, na Kipkemoi aliitikia kila neno. Harufu ilipobadilika, wazee walisogea karibu.

Mama Nekoye aliuliza kwa upole kama chumvi imetosha.

Gathogo akakata kipande, akakipuliza, akakitia mdomoni na kufumba macho. Alipoyafumbua, wazee wote walikuwa wanamtazama. Taya zikasimama.

"Naonja tu," akasema, shavu likiwa limejaa.

"Basi tema," Mama Nekoye akamwambia. "Kesi irudi kortini. Lakini sisi wote ni wateja wako, Gathogo. Kesho tukiulizwa, tutasema ulichoma mutura kwa mkono wako ukashindwa kuimeza."

Gathogo alimtazama dada, ambaye alikuwa ameinama, mabega yakimtetemeka. Mimi nilijua halii.

Akameza.

Kisha akamnyooshea Chepkemei kisu, mpini mbele, akamwambia awakatie wazee vipande, na visiwe vigumu kama mandazi yake.