Zulia la Mjomba

Chafya ilinitoka kabla sijageuza uso, na skrubu ya saa ya mwalimu mkuu ikaenda zake. Ilikuwa ndogo kuliko punje ya chumvi. Mjomba hakugomba. Alivua lenzi jichoni, akalitazama zulia, kisha akanitazama mimi.

"Shuka," akasema.

Nikashuka. Kwa magoti na viganja, pua ikigusa manyoya ya zulia, nikaanza kutafuta, na nikapiga chafya nyingine nne mfululizo. Hiyo ilikuwa skrubu ya tatu, na saa tano asubuhi ilikuwa haijafika.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na sikutaka kitu kingine duniani ila kuwa fundi saa. Mjomba alinipokea baada ya mimi kumganda kama ruba. Mkono wangu ulikuwa mwepesi, mwenyewe alikiri. Shida ilikuwa pua. Nikiinama tu mezani inaanza kuwasha, macho yanalengalenga, kamasi zinachuruzika kama maji. Wateja walinipa pole ya mafua kwa miezi minne. Nilinunua matone ya kuzibua pua, nikayatumia wiki tatu bila kupumzika, pua ikaziba kuliko mwanzo.

Ile skrubu aliipata Mjomba, kwa sumaku.

"Mpwa wangu," akasema taratibu, "mwisho wa mwezi utahamia kaunta, upokee wateja. Saa hazitaki upepo, na wewe ni kimbunga."

Nilicheka naye, halafu nikaenda chooni kulia.

Kesho yake nilikwenda zahanati. Daktari alikuwa mama mmoja mcheshi, na hakuanza na pua.

"Siku usizokwenda kazini unapiga chafya?"

Nikafikiri. "Sipigi."

"Basi niambie, huko kazini kukoje?"

Nikamweleza kwa fahari. Madirisha tunayafunga mwaka mzima, vumbi lisiingie kwenye saa. Chini kuna zulia zito, ukuta hadi ukuta, skrubu ikianguka isidunde ikapotea. Nikamweleza na ninavyozitafuta.

Alicheka hadi akavua miwani. "Kwa hiyo unapiga chafya, skrubu inaanguka, unatia pua kwenye zulia, unapiga chafya tena!"

Hayakuwa mafua, akasema, ulikuwa mzio, na zulia la miaka mingi namna ile hujaa vijidudu vya vumbi visivyoonekana kwa macho. Akanipa dawa ya kupuliza puani na kunionyesha: inamisha kichwa kidogo, elekeza ncha upande wa sikio, usiielekeze katikati ya pua. Kila siku, hata siku pua imetulia, na nisitegemee miujiza kabla ya wiki mbili. Matone nikayatupe.

Dawa haikunisumbua. Kumwambia Mjomba habari ya zulia ndiko kulikonitoa jasho. Alilirithi kwa aliyemfundisha kazi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainama, akalipiga kofi moja, na vumbi likapanda mpaka usawa wa meza.

"Toka nje," akasema. "Mbali."

Alilikunja peke yake na kulikung'utia uani. Zikamwagika skrubu, springi, mishale, hata saa nzima ya kike. Mjomba akaokota mshale mmoja, akapigwa na butwaa.

"Mwenye mshale huu niligombana naye! Niliapa saa yake ilikuja bila mshale!"

Tulicheka mpaka majirani wakachungulia. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda siku ile.

Sakafu tukaanza kuipiga deki kwa maji, na madirisha tukayafungua alfajiri kabla ya kufungua saa yoyote. Kukinga skrubu, Mjomba alipigilia aproni kwenye ukingo wa meza, upande wa pili nikaufunga kiunoni. Mara ya kwanza niliinuka kumsalimia mteja, nusura nitoke na meza. Hadi leo, nywele zimeanza mvi, sinywi chai kabla ya kupuliza dawa.

Siku ya mwisho ya mwezi ule chafya zilikuwa zimetulia, lakini sikuthubutu kuuliza habari ya kaunta. Niliketi mezani nikingoja kuambiwa ninyanyuke. Akaingia mama mmoja, amefunga saa kwenye leso, akamnyooshea Mjomba. Mjomba alikuwa amesimama kaunta, mikono nyuma.

"Mpe fundi," akasema. "Yule pale."