Sponji ya Mlangoni

Mzee Sponji alitoa misumari mdomoni mmoja mmoja, akaipanga ukingoni mwa kochi na kukodolea macho mlango. Binti yake alikuwa ameahidi kufika saa mbili na mtoto. Babu akistahimili kilio cha mjukuu, mtoto atashinda naye kila siku mama yake akiwa kazini. Akishindwa, mtoto atapelekwa kwa bibi yake wa upande wa pili, safari ya siku nzima.

Fundi huyu wa makochi alikuwa na masikio ya ajabu. Nyundo yake mwenyewe haikumsumbua hata chembe, lakini kijiko cha mwenzake kikigonga kikombe, vinyweleo vilimsimama. Ndiyo maana alibandika mabaki ya sponji ukutani, mlangoni, hata nyuma ya saa, na jina likamganda. Mjukuu alipoletwa mara ya kwanza akalia, babu alitoka mbio na kiatu kimoja. Waliokuwepo walicheka wote isipokuwa binti yake, na hilo lilimuuma kuliko kilio chenyewe.

Daktari wa masikio hakumpa hata kidonge.

"Mzee wangu, ukimya ndio unaokuharibu. Bandua hizo sponji kidogo kidogo. Unachokiogopa kisikilize, sauti chini, robo saa kila siku. Ukizoea, pandisha."

Basi kwa miezi mitano alivalisha viti vitambaa huku simu ikimlilia kando, kwa kilio alichorekodi binti yake. Mwanzoni kilikuwa kama mbu wa chumba cha pili. Haba na haba, akakijua kote kote: kilio hesabu nne, pumzi, kilio tena. Sponji zikabanduka, ikabaki ya mlangoni tu.

Binti aliingia. Mtoto akamtazama babu, akakunja uso.

"Baba, kama huwezi, sema tu. Sitakasirika."

"Mlete hapa!"

Akampakata. Kilio kikalipuka. Mzee akafumba macho. "Moja, mbili, tatu, nne, pumzi!"

Pumzi haikuja.

"Tano... sita... Mbona hapumui huyu?"

"Baba, ile uliyokuwa unasikiliza ni ya alipokuwa na mwezi mmoja! Si amekua?"

Mguu mmoja ulishaanza safari ya mlangoni, na kusema kweli aliogopa sana.

"Saba... nane... tisa!"

Mtoto akavuta pumzi. Mzee akafumbua macho, akaangua kicheko.

"Tisa! Umesikia, mama? Mjukuu wangu ana kifua cha mpiga tarumbeta! Nenda kazini, utachelewa."

Binti alimtazama, machozi yakimlengalenga, akaweka mfuko wa nepi juu ya kochi na kuondoka.

Mzee alimhamishia mtoto begani, akashika pembe ya sponji ya mlangoni, akaivuta. Ilichanika kwa kelele. Mtoto alinyamaza, akaisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua kinywa upya.

"Moja," akasema babu.